Mali ya Marehemu Huchukua Muda Gani Kugawanywa?



Siku za matanga zikiisha, wageni hurudi makwao, na jamaa hubaki na maswali mawili. La kwanza ni nani atakayeiangalia mali ya marehemu. La pili ni lini kila mwenye haki atakipata kilicho chake. Swali la kwanza aghalabu hujibiwa upesi, wakati mwingine upesi kupita kiasi. La pili ndilo liwasumbualo watu wengi katika Kenya, wa mashambani na wa mijini. Mjane hungoja, lakini ada za shule hazingoji. Shamba haliwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani. Fedha zimo benki lakini hazitoki. Mwezi hupita, kisha mwaka, na watu huanza kunong'ona ya kuwa korti imeikalia mali, au wakili ameila, au mtoto mkubwa amepatana na karani.

Yako mashauri ambayo manung'uniko hayo yana sababu. Lakini mtu aisomaye sheria yenyewe ataona jambo la kumshangaza: muda uliowekwa na sheria ni wa miezi, wala si wa miaka. Miaka huongezwa zaidi na watu wenyewe: mwenye mali asiyetengeneza mambo yake alipokuwa hai, na warithi waliokuwa na haraka mahali pa kungoja, au waliongoja mahali pa haraka. Makusudi ya mazungumzo haya ni kuieleza miezi hiyo, na kuonyesha mahali inapogeuka kuwa miaka.

SHERIA INAYOTUMIKA

Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kabla ya siku hiyo Mwafrika alirithiwa kwa desturi ya kabila lake, Mwislamu kwa sheria ya dini yake, Mzungu na Mhindu kwa sheria nyingine tena. Tangu siku hiyo sheria ni moja kwa watu walio wengi, ila Waislamu, ambao tangu badiliko la mwaka 1990 mafungu yao hutolewa kwa sheria ya Kiislamu.

Sheria hiyo yasema kwamba hapana mtu aliye na ruhusa ya kuitwaa, kuiuza wala kuigawa mali ya marehemu mpaka apewe mamlaka ya kisheria. Hata mtoto wa kwanza hana ruhusa hiyo, wala ndugu wa marehemu, wala mzee wa ukoo. Mwenye kuiingilia mali hiyo bila ya ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Tena atadaiwa hesabu ya kila alichokichukua. Ng'ombe aliyeuzwa juma la matanga aweza kuulizwa habari zake mbele ya hakimu miaka mingi baadaye.

MAKARATASI YA KWANZA

Njia huanza kwa kuandikisha kifo. Aliyekufa hospitali huandikiwa huko huko. Aliyekufa nyumbani, habari zake hupelekwa kwa naibu wa chifu. Yafaa watu wajue kwamba kibali cha kuzika si cheti cha kifo. Jamaa wengi hukihifadhi kibali wakidhani kazi imekwisha, kisha huvunjika moyo wafikapo kortini. Tena kifo kisipoandikishwa katika miezi 6, huhesabiwa kuwa kimechelewa, na kazi ya kukiandikisha huongezeka.

Baada ya cheti hufuata barua ya chifu. Barua hii hutaja majina ya wote aliowaacha marehemu: wake, watoto wa kiume, watoto wa kike walioolewa na wasioolewa, na pia wajukuu ambao mzazi wao alikufa mbele ya babu. Kisha hukusanywa habari za mali yenyewe: hati za mashamba pamoja na cheti cha ofisi ya ardhi kinachoonyesha jina lililo daftarini, vitabu vya benki, hisa za chama cha ushirika, karatasi za gari, na madeni. Jamaa wenye umoja humaliza kazi hiyo kwa wiki chache.

Ombi hupelekwa kortini. Zamani hakimu wa wilaya hakuweza kusikiliza mirathi ya mali iliyozidi shilingi 100,000, kwa hiyo hata mwenye ekari chache alilazimika kusafiri mpaka Mahakama Kuu. Sheria ya mwaka 2015 ilipanua uwezo wa mahakimu. Kwa kadiri ya cheo chake, hakimu aweza kusikiliza mali ya thamani ya shilingi milioni 5 hadi milioni 20. Hivyo mashauri mengi ya watu wa kawaida husikilizwa karibu na nyumbani.

Mtu wa kwanza kufikiriwa kuwa msimamizi ni mke au mume wa marehemu, kisha watoto, kisha wazazi na ndugu. Ikiwa yumo mtoto mdogo mwenye haki katika mali, hapana budi wasimamizi wawe wawili au zaidi, lakini wasizidi wanne. Warithi wengine walio na haki sawa na mwombaji hutia sahihi ya kukubali. Kwa sahihi hizo korti hujua kama jamaa wamepatana au la.

SIKU THELATHINI

Korti ikilipokea ombi, habari zake hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali, na watu hupewa muda usiopungua siku 30 wa kuleta pingamizi. Muda huu umewekwa kwa ajili ya wasiokuwapo: mke aliyeko mjini ambaye jamaa za nyumbani hawamjui, mtoto aliyezaliwa nje, mtu aliyenunua kipande cha shamba akalipa fedha lakini hakuandikiwa hati, au mdai aliyemkopesha marehemu. Asiposema mtu, korti hutoa hati ya usimamizi.

Hapa watu wengi hukosea. Huipokea hati hiyo, wakapiga vigelegele, wakaenda kuligawanya shamba kwa kamba. Hati ya kwanza humpa msimamizi kazi ya kuikusanya na kuilinda mali, lakini haimpi ruhusa ya kuigawanya. Tena sheria yakataza kabisa kuuza ardhi au nyumba kabla hati haijathibitishwa. Anayenunua shamba kwa msimamizi aliye na hati ya kwanza tu amenunua shauri.

MIEZI SITA YA KWANZA

Tangu siku ya kutolewa hati hungojwa miezi 6. Wengi hudhani ya kuwa muda huu ni uvivu wa korti. Sivyo. Katika miezi hiyo msimamizi hulipa gharama za maziko, huyakusanya madeni aliyokuwa akidai marehemu, huyalipa aliyokuwa akidaiwa, na huandika hesabu kamili ya mali yote na kuitoa kortini. Mali ikigawanywa kabla ya madeni kujulikana, mdai atakuja kumkuta kila mrithi na fungu lake mkononi, na kila mmoja atamwonyesha mwenzake.

Miezi hiyo ikitimia, msimamizi huomba hati ithibitishwe. Hufika mbele ya hakimu na orodha ya warithi wote na mafungu yao, shamba kwa shamba. Hakimu hana ruhusa ya kuthibitisha mpaka ameridhika kwamba kila mwenye haki ametajwa na fungu lake limejulikana. Ikiwa iko sababu ya kweli, korti yaweza kuipunguza miezi hiyo 6. Lakini msimamizi akinyamaza mwaka mzima tangu kupewa hati bila ya kuomba ithibitishwe, hati yake yaweza kufutwa.

MIEZI SITA YA PILI

Hati ikisha kuthibitishwa, msimamizi ana miezi mingine 6 ya kuimaliza kazi: kulipa fedha, kupeleka hati ofisi ya ardhi ili jina la marehemu litoke na majina ya warithi yaingie, kisha kutoa hesabu ya mwisho. Ikiwa shamba la kilimo litakatwa vipande vyenye hati mbalimbali, hapana budi kupata ruhusa ya Bodi ya Ardhi, na mpimaji aje aweke mipaka.

Basi hesabu ni hii: wiki chache za makaratasi, siku 30 za tangazo, miezi 6 ya kulinda mali, na miezi 6 ya kugawanya. Jamaa waliopatana, wenye karatasi zilizo safi, waweza kumaliza katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wingi wa mashauri kortini na kazi za ofisi huweza kuongeza miezi, lakini haviwezi peke yake kuifikisha mirathi miaka 20.

MIEZI INAPOGEUKA MIAKA

Sababu ya kwanza ni kumficha mrithi. Mara nyingi anayefichwa ni binti aliyeolewa au mke wa pili. Wenye kumficha hudhani wameifupisha njia, kumbe wameirefusha, kwani hati iliyopatikana kwa kuficha jambo la maana yaweza kufutwa wakati wo wote, hata baada ya kuthibitishwa. Siku binti huyo ajapo kortini na cheti chake cha kuzaliwa, kazi yote hurudi mwanzo, na huenda mashamba yamekwisha kuuzwa na nyumba zimejengwa juu yake.

Tena hakuna faida katika kumficha. Sheria haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa huenda akaolewa, na Katiba ya mwaka 2010 yaagiza kuondoa ubaguzi wa wanawake katika sheria na desturi za ardhi.

Sababu ya pili ni ugomvi wa nyumba mbili au zaidi. Watu hubishana kana kwamba sheria haikusema neno, na kumbe imesema. Mume mwenye wake wengi asipoacha wasia, mali yake hugawanywa kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mke aliye hai huongezwa kama fungu moja. Chukua mfano: mzee ameacha ekari 18. Mke wa kwanza ana watoto watano, wa pili ana wawili. Nyumba ya kwanza ina mafungu sita, ya pili matatu, jumla tisa. Nyumba ya kwanza itapata ekari 12, ya pili ekari 6. Wasiopenda hesabu hiyo waweza kukubaliana kwa njia nyingine na kuandika mapatano yao; lakini wasiokubaliana wala wasiotaka hesabu, hao ndio wakaao kortini.

Elimu wala cheo havimwepushi mtu na taabu hii. Mbiyu Koinange alisoma mpaka Marekani akapata shahada, akawa Waziri katika Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Alikufa mwaka 1981, mwaka uo huo sheria hii ilipoanza kutumika. Zaidi ya miaka 30 baadaye shauri la mirathi yake lilikuwa lingali kortini, wakibishana ni nani wahesabiwe kuwa wajane wake na kila nyumba ipate nini. Mtoto aliyeanza shule mwaka huo alikuwa na watoto wa shule yeye mwenyewe.

Sababu ya tatu ni kinyume cha ugomvi, nayo ni kunyamaza. Mashamba ya Mkoa wa Kati yalipounganishwa na kuandikishwa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wazee walipewa hati zenye majina yao. Wengi wamekwisha kufa, na mashamba mengi ya Kenya yangali katika majina ya babu. Watoto hulima kila mmoja mahali alipoonyeshwa, hapana kelele, na watu husema mambo ni mazuri. Lakini kila mwenye hati aliyekufa huhitaji mirathi yake mwenyewe. Babu akiwa na watoto sita, na kila mmoja akazaa sita, sahihi zilizokuwa sita zimekuwa 36. Mmoja yuko Mombasa, mwingine ng'ambo, wa tatu hajulikani aliko, na wazee walioijua mipaka wamekufa. Jambo ambalo lingalikwisha kwa mwaka mmoja sasa ni mzigo kwa vizazi vitatu.

Sababu ya nne ni ndogo kwa macho, lakini huzuia wengi: majina yasiyolingana. Hati ya shamba ina jina la ukoo, kitambulisho kina jina la ubatizo, cheti cha kifo kina tahajia ya tatu. Korti haiwezi kukisia kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Hapana budi kuapa, kuleta mashahidi, na wakati mwingine kurudi ofisi iliyokosea.

MSAADA ULIOPO

Ikiwa mali yaweza kuharibika wakati wa kungoja, kwa mfano kodi za nyumba hazikusanywi au gari lataka kuibwa, korti yaweza kutoa hati ya muda kwa ajili ya kukusanya na kulinda tu. Ikiwa mwenye haki ya kwanza hataki kuomba wala hataki mwingine aombe, korti yaweza kumwita aseme neno lake. Asipokuja, mwingine huendelea. Mahali pasipo na mtu wa kufaa, ofisi ya Serikali ya Mdhamini wa Umma yaweza kuisimamia mali.

Waislamu wanayo Korti ya Kadhi, ikiwa wote wenye shauri ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa na dini. Hutangulia maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi. Lakini hata huko asiyeleta orodha ya kweli ya warithi na ya mali hujirefushia njia.

YALIYO MKONONI MWA ALIYE HAI

Njia iliyo fupi kuliko zote huanza mwenye mali angali hai. Na aandike wasia. Wengi huogopa, wakidhani ni kujiitia mauti. Lakini hapana aliyekufa kwa kuandika wasia, na wengi wameacha taabu kwa kutouandika. Wasia wa maandishi hutiwa sahihi au alama na mwenyewe, pamoja na mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu, kwani aweza kukikosa. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili pia hukubaliwa, lakini kwa kawaida hautumiki ikiwa mwenyewe ameishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuutamka.

Wasia hauondoi safari ya kwenda kortini, wala haumpi mtu ruhusa ya kuwaacha bure waliomtegemea. Korti yaweza kuwatengea fungu. Lakini huondoa mabishano mengi, na mabishano ndiyo yalayo miaka.

Kadhalika na ahakikishe kwamba jina lake ni moja katika karatasi zote. Aandike majina ya warithi wake katika chama cha ushirika, bima na malipo ya uzeeni, kwani fedha hizo aghalabu hutolewa kwa aliyetajwa bila ya kungoja mirathi. Aweke orodha ya mali na madeni mahali mke wake na watoto wanapajua. Na ikiwa ana nyumba ya pili au mtoto wa nje, na aseme akiwa hai. Siri ya namna hiyo haizikwi pamoja na mwenyewe. Hufufuka siku ya tangazo, mbele ya watu wenye huzuni, wasioweza tena kumwuliza.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na wakasema tena ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mirathi maneno yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake. Kuuza, kugawa na kuhamisha mipaka ni mambo ya kungojewa mpaka sheria itoe ruhusa. Kuandikisha kifo, kwenda kwa chifu, kuita warithi wote na kupeleka ombi ni mambo ya kufanywa mapema, jamaa wangali wanaongea kwa upole. Jamaa ambao shamba lao lingali katika jina la marehemu, hata kama hawana ugomvi wo wote leo, na waanze na safari ya ofisi ya chifu juma hili.